Posa ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini kifua kimekuachia na umerudi kazini. Huku sisi tunapumua, ndilo la kushukuru, na mimi bado nasimama kutwa pale kwa dobi nikipiga pasi mashati ya watu.

Nakuandikia juu ya baba. Unakumbuka alipotuita akatueleza kwamba anataka kumwoa yule mjane mshonaji wa pale kona, Mama Vifungo. Ulisema kaburi la mama halijakauka, na mama ana miaka sita ardhini. Mimi nikasema watu watatucheka. Kisha tukajitia busara, tukamwambia kama ni upweke amchukue tu waishi, siku hizi nani anauliza, ndoa ni karatasi. Baba akajibu kwamba kama ni karatasi tu, haelewi kwa nini inatutia hofu hivyo.

Hatukuwa na mdomo wa kumshauri, kaka. Wewe una watoto na wifi ambaye hujamwoa, na ndoa yangu mimi haikumaliza mwaka. Halafu sisi ndio tukamzuia mtu aliyeishi na mama mpaka akamfumba macho.

Tangu siku ile, Mama Vifungo akija kumjulia hali, baba alikuwa anatoa viti nje na kuzungumza naye pale mlangoni, hata jua likiwa kali. Alisema mwanamke wa heshima haingizwi ndani kwa wizi. Majirani walicheka, kisha wakazoea. Sasa mama huyo haji tena. Baba amekonda, na mkono ulioandika mabango ya nusu ya mji huu haushiki kikombe bila kumwaga. Kila nikirudi kutoka kazini ananiuliza kama umebadili nia.

Ndiyo maana uliponipigia simu ukasema basi, mzee na aoe, nilifurahi mno. Sikumwambia baba kwanza. Nilikwenda dukani kwa Mama Vifungo ili nimwombe radhi na kumpa habari njema mwenyewe.

Alinipokea vizuri, akanivutia kiti, akaendelea kushona. Akaniambia kwa upole kwamba tumechelewa. Maneno yetu yalimfikia yote, hata lile la karatasi, na wanawe nao walimwuliza anatafuta nini uzeeni. Alisema aliona aibu, kisha akachoka, kisha siku moja akajikuta hamtaki tena mzee. Hana kinyongo naye, hamtaki tu. Akaniomba nimwambie baba, maana yeye hawezi.

Kaka, hata mimi sijaweza. Baba anaamini kizuizi ni sisi peke yetu, na kwamba siku tutakapolegea mama huyo atakuja. Jana aliniambia hakujua kuwa alizaa watoto wenye roho ngumu namna hii. Niliumia sana, nikaenda kumwandalia chakula.

Kwa hiyo nakuomba: akikupigia, usimwambie kwamba umekubali. Endelea kukataa, na mimi nitakataa pamoja nawe. Akituchukia sisi, bado ana mtu wa kumsubiri.

Msalimie wifi, na uwapakate wanao kwa niaba yangu.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Kidomo