Baga za kunde kwenye karai

Jumanne, Kibarani

Tena nikashukuru! Kwa mdomo wangu huu huu nimesema, "Ahsante, mama."

Kunde nimeziloweka tangu jana. Nimezichemsha, nikaziponda na karoti, mchicha na dania, nikafinyanga baga kumi na mbili za Salim, nizipike kwenye kikaango kikavu bila tone la mafuta. Daktari alimwambia mume wangu presha yake si ya kuchezea.

Nimetoka kidogo tu kununua mikate. Narudi, harufu ya mafuta iko mlangoni. Mama mkwe ameziona kwenye sinia akadhani ni katlesi ambazo sijazimaliza. Kazichovya mayai, kazitosa kwenye karai.

"Nimekumalizia kazi, mwanangu," akaniambia, na uso umejaa mapenzi. Huyo ningemjibu nini?

Lakini Salim! Alikuwa amekaa papo hapo, na alijua. Kala sita! Nimemvuta chumbani, ananiambia, "Mama alikuwa ashatia mafuta. Ulitaka nimvunje moyo?"

Moyo! Baba yake aliangushwa na presha hii hii, akalala miaka mitatu upande mmoja umekufa. Mimi na mama yake ndio tuliokuwa tukimgeuza, asubuhi na jioni, mpaka migongo ikatuuma.

Nikamuuliza, "Mama ashazeeka sasa. Wewe nitakugeuza na nani?"

Akajipangusa mafuta kidevuni kwa kanga yangu.