Jibu la Barafu Inayowaka

Baba,

Ni mimi, mke wa mwanao Ambakisye. Miaka tisa nimeishi nyumbani kwako hapa Mwaya na hatujawahi kusemezana, maana kwetu mke hamsemeshi baba mkwe wala hamtazami usoni. Ulikuwa ukikohoa mara mbili kabla ya kuingia uani, nami naacha sufuria najificha migombani. Wiki ya tatu sasa tangu tukuzike. Jana mpita njia alikohoa, nikakimbia na mwiko mkononi. Nikasimama kule migombani muda mrefu, sijui nilikuwa nangoja nini.

Sijalia bado. Wanawake wameshaona na wananong'ona. Siku ya kukuaga nilipita kwenye jeneza nimeinama, mazoea tu, nikaona mikono yako basi.

Redio yako ya Kichina, ile uliyonunua mpakani Kasumulu, iko kimya juu ya kabati. Uliifungulia sauti mpaka mwisho, watu wakadhani una uziwi. Mimi nilijua unataka nisikie kule jikoni. Taarifa ikiisha, unawasimulia kuku. Kuku wako walijua bei ya kakao kuliko mawakala wenyewe.

Halafu siku ile redio ikasema Wachina wamekuta barafu inayowaka moto, chini ya milima ambako udongo umeganda mwaka mzima. Ukaipeleka habari Ipinda kwa wanunuzi wa kakao. Wakakucheka. Hata mwanao akasema, "Mzee sasa anazeeka vibaya." Jioni ukawauliza kuku kwa sauti kubwa, "Ninyi mliosoma, barafu itawakaje?" Kuku hawajasoma, Baba. Ulikuwa unaniuliza mimi.

Na jibu nilikuwa nalo. Mwalimu wetu wa kemia alitueleza kidato cha nne. Ningeweza kumpa Ambakisye akuletee, lakini niliona ni utovu wa adabu mkaza mwana kujua asichokijua mkwe. Nikainama nikapuliza moto. Siku ya nne yake ukaondoka duniani, watu wakiamini umechanganyikiwa. Mengine yote siyahisi, kama mguu uliokufa ganzi. Hili linauma.

Basi jibu ni hili. Kule chini, baridi na uzito wa ardhi huibana gesi ndani ya maji mpaka vikagandamana. Ukiwasha kiberiti, kinachowaka ni gesi. Barafu yenyewe inayeyuka tu, inabaki maji. Ulisikia sawasawa.

Kesho tunaanua matanga, na hao wa Ipinda watakuwapo. Nitatoka jikoni niwaambie mbele ya Ambakisye, hata wakisema mwanamke huyu hana haya. Wakishaondoka nitakuja kaburini kwako, kule nyuma ya mikakao.

Ndaga fijo, Baba, asante sana kwa habari zote ulizowapa kuku. Pumzika. Kabla sijafika nitakohoa mara mbili, ujue ni mimi.