Mkwe Anasema Nisishuke Ivuna

Tunduma, Alhamisi mchana

Dada yangu mpendwa Eliza,

Shikamoo dada. Na hii nyingine ni shikamoo ya mama yetu, umfikishie pale pale alipokaa, umwinamie sikioni umwambie mwanao wa mwisho anakuamkia. Magoti yake yanasemaje? Bado anaficha vidonge chini ya mkeka na kusema amemeza? Shemeji Baba Tabia hajambo? Mwambie nimesikia mtama umekubali mwaka huu, Mungu ashukuriwe, na kile kikohozi nacho kimpe nafasi aufaidi. Tabia hajambo na kachanga kake? Kameota jino? Skola je, anakwenda shule au ndiyo yale yale ya kuumwa kichwa kila Jumatatu? Isaka na ng'ombe zake nawasalimu wote, Isaka kwanza ndipo ng'ombe, asije akanuna. Jirani wa mashine ya kusaga nampa pole na mguu. Wa mwisho namsalimu mwanangu Neema. Nimemweka mwisho, dada, kwa sababu kila nikifika kwenye jina lake kalamu inaruka, inakwenda kwa mwingine.

Mimi mwili ni mzima, ila moyo ndiyo sina.

Usishtuke kuona nimeandika Tunduma. Ni kweli niko Tunduma. Nimekuja na kwaya yetu ya akina mama, tumetoka nayo Kilombero kwa gari la kukodi, kuja kuimba kwenye kanisa la wenzetu wa hapa na kutembezwa, kuona mpaka na kile kimondo cha Mbozi. Sikukwambia mapema kwa kuogopa mama asianze kunisubiri mlangoni, na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika wa kufika. Nikwambie ukweli, mimi sikuja kuona jiwe. Nilijitokeza kusafiri siku ile ile nilipolisikia neno Tunduma likitajwa, maana ulikuwa umeshanitumia ule ujumbe, kwamba tangu kichanga chake kilipokufa wakati wa mavuno Neema hasemi na mtu, anakaa tu anaangalia moshi wa wapika chumvi. Nikasema Mungu huyu kanifungulia njia. Mimi mjane wa kulima mpunga wa watu ningepata wapi tena safari ya kunisogeza huku?

Kumbe kusogea siyo kufika.

Anayetuongoza ni Mama Mwenyekiti. Mama wa watu, ana roho nzuri, mtu akiumwa yeye ndiye wa kwanza kumkanda kwa maji ya moto. Lakini kwenye msafara ni askari. Tukishuka anatuhesabu, tukipanda anatuhesabu. Safari ya nyuma mama mmoja alibaki njiani Iringa anamtafuta binamu yake, mume wake akaja kufanya fujo mpaka mlangoni mwa kanisa. Basi tangu hapo sheria ni moja: tumetoka wote, tutarudi wote.

Nilimwomba jana. Kijana wa kanisa la hapa alikuwa ametupeleka kuona mpaka. Malori yamepanga foleni mpaka jicho linachoka, na vijana wa kubadilisha hela wanatuita mama kwa lugha ya ng'ambo, "Ba mayo, kwacha hapa! Ba mayo!" Wenzangu wanacheka, mmoja kaweka mguu huku na mwingine upande wa pili, anapiga kelele, "Nipigeni picha, mwambieni mume wangu nimeolewa Zambia!" Nikaona labda wakati wa furaha ndiyo wakati wa kuomba.

Nikamwambia, "Mama Mwenyekiti, nina binti yangu mgonjwa Ivuna. Naomba uniachie niende nikamwone, nitarudi Kilombero mwenyewe."

"Ivuna ndiyo wapi?"

"Huko bondeni, kwenye chumvi."

"Mama Neema, nikikuachia wewe uende kwenye chumvi, kesho Mama Shida atataka kwenda kwa shangazi yake Kitwe. Nitarudi Kilombero na nani? Na dereva?"

Mama Shida naye akadakia, "Na kweli shangazi ninaye!" Wakacheka wote. Nikacheka nao, dada. Ungefanyaje?

Sasa nimepanga hivi. Jumamosi gari litatupeleka kwenye kimondo, na kabla ya hapo tutasimama Mlowo tule. Nimeulizia, magari ya kushuka bonde yanapatikana hapo hapo. Nitavaa sare ya kwaya juu na kitenge changu ndani. Wenzangu wakikaa kula nitakwenda kama ninayetafuta choo, nivue sare, nipande gari. Mfuko wangu atauchukua Mama Zawadi, ninayelala naye chumba kimoja hapa gesti. Gari lao likishaondoka ndipo amwambie Mama Mwenyekiti kwamba Mama Neema hakupotea, ameshuka kwa miguu yake mwenyewe, na dhambi yake anaijua. Naona aibu kumfanyia hivyo mtu mwema. Lakini mwana ni mwana.

Ndivyo nilivyokuwa nimepanga mpaka leo asubuhi. Sasa sikia kilichotokea.

Huyu Mama Zawadi ni mtu wa Ifakara, na moyo wake ni mkubwa kuliko akili yake, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimemweleza habari zetu. Nilimwambia mkwe wangu bado hajaingizwa, kwamba mahari walimaliza lakini yale masufuria ya kumpikia mkwe hatukuyapeleka, maana Baba Neema alifariki mwaka ule ule na shughuli ikalala. Nikamwambia kwa hiyo mimi nyumbani kwake siingii, chakula chake sili, na yeye usoni kwangu hapiti, hata jina lake silitaji. Akanitazama kama naota. Akasema, "Kwetu mkwe ni mtoto, unamtuma hata dukani."

Basi jana jioni mimi nimeingia kuoga, yeye akachukua simu yangu, akatafuta palipoandikwa Mkwe, akapiga. Akamwambia, mama mkwe wako yuko Tunduma anaumia roho, njoo na pikipiki umchukue. Aliniambia leo asubuhi, anatabasamu, kama mtu aliyekuletea zawadi. Na nilikuwa sijamaliza hata kumgombeza, nimekwenda uani kufua sare, nikasikia pikipiki mbele ya gesti.

"Mama Neema! Mgeni wako!"

Nikachungulia na povu mikononi. Nikaona pikipiki imefungwa magunia ya chumvi nyuma. Nikarudi mbio, nikajitupia kanga kichwani, nikaingia chumbani nikavuta pazia. Na yeye naye, kijana wa watu, alipoambiwa niko hapo hapo aligeuka, akakaa barazani akanipa mgongo. Kwa hilo simlaumu, amelelewa. Kwaya nzima ikatoka kutazama.

"Jamani, hawa wanadaiana?"

"Mtu mzima anamkimbia mtoto!"

Mama Zawadi akakaa kizingitini, katikati yetu, akawa mdomo wangu na mdomo wake. Nikasema, mwulize watu wa kwake hawajambo. Akauliza. Akajibiwa hawajambo. Nikasema, mwulize mgonjwa anaendeleaje. Akauliza. Nikasikia funguo za pikipiki zinagongana. Nikasema, mwulize basi Neema anakula? Nikasikia anakohoa. Halafu nikamsikia mwenyewe, sauti imekauka, anamwambia Mama Zawadi, "Mwambieni mama asishuke Ivuna. Amalize safari yake ya kanisa. Wazee watamtafuta."

"Wazee wa nini?" Mama Zawadi akauliza. Mkwe hakunywa hata maji. Akawasha pikipiki.

Mimi nilichokiona ni miguu yake tu, chini ya pazia. Visigino vimepasuka, vyeupe kwa chumvi.

Nikajituliza. Nikasema labda wamegombana, labda ana aibu kwamba hajampeleka mwenzake hospitali. Mchana huu tumekaa tunakula, Mama Zawadi akaanza tena maneno yake. "Lakini Mama Neema, mkwe wako mtanashati. Na kile kipara kinavyong'aa, utasema wembe umetoka sasa hivi."

Nikarudisha tonge sahanini. Nikamwuliza, "Kanyoa?"

"Kanyoa kichwa kizima. Si ndiyo mtindo wa vijana?"

Kwao ni mtindo. Kwetu, dada yangu, mwanaume mwenye mke ananyoa kichwa kizima kwa lipi isipokuwa msiba? Kama ni kwa ajili ya kile kichanga, alinyoa wakati ule wa mavuno, na nywele zingekuwa zimeshaota. Mimi mzazi, kwa heshima ya ukwe, nimeona miguu. Kichwa kimeonwa na mgeni asiyejua anaona nini.

Tangu hapo nimekaa kitandani nahesabu watu wa kwao. Nasema labda ni baba yake, nasikia alikuwa na tumbo. Labda ni yule bibi yao. Labda ni mama yake mzazi. Nisamehe dada, nimefika mahali pa kupiga magoti na kuomba awe mama wa mtu mwingine. Kisha nasema labda kweli vijana wa Ivuna nao siku hizi wananyoa tu, kwa jua la kwenye chumvi. Halafu nakumbuka kwamba wewe tangu Jumapili simu yako haiiti, na ile ya kwa jirani inapokelewa na watoto, wanacheka wanakata. Najua kule mtandao ni wa kupanda kilima. Lakini najua na tabia zetu. Mtu akiwa safarini anafichwa. Mnakaa mnasema mwacheni amalize ya kanisa, akirudi kwake wazee watakwenda na nauli wampe taarifa vizuri, amekaa chini, ana watu wa kumshika. Na bondeni kule ni joto, mtu akishakata roho halali ndani hata usiku wa pili akisubiri mama yake. Yote hayo nayajua. Hata mimi nimewahi kukaa kwenye vikao vya namna hiyo na kusema mfiche.

Mimi msinifiche. Nakuomba kwa ziwa la mama tulilonyonya wote.

Mambo yangu ni haya. Kama Neema yupo na anaweza kutembea, Jumamosi umchukue, umlete nyumbani kwako, useme bibi yake anamwita. Nitamkuta kwako, nimwogeshe, nimpikie uji mwenyewe, akitaka nirudi naye Kilombero, asipotaka nikae naye mpaka aseme neno moja. Kama yupo lakini hainuki, basi nenda leo hii kwa wazee wa mkwe, uwaambie mama yake anakuja na ataingia. Nitaingia, dada. Masufuria sijapeleka, najua. Kama ni kuku wa faini nitatoa, na kama ni mbuzi nitafanya kibarua nitoe. Kijana atoke kwa mlango wa nyuma, mimi niingie wa mbele nimejifunika kanga, tusionane mpaka mwisho. Wakisema nimevunja mila, waseme. Mila yenyewe tuliwekewa ili tuheshimiane. Sidhani kama waliotuwekea walitaka mama asimame nje wakati mwanawe amelala ndani.

Barua hii namkabidhi dereva wa Fuso la chumvi, yule mwenye pengo, mtoto wa mzee wa kanisa lenu. Nimemkuta hapa sokoni anashusha mzigo, anarudi huko kwenu Ivuna leo hii na kesho jioni anapanda tena Tunduma. Sikumwuliza kitu kuhusu Neema. Alipopokea barua alinisalimia "shikamoo mama" kwa upole sana, akaangalia chini, na mimi nikaondoka haraka kabla hajaongeza neno. Nilitaka nilisikie kwako.

Msalimie mama yetu tena, lakini haya usimsomee. Shemeji mwambie kama nitafika na vumbi asinicheke. Mchungaji wenu na mke wake nawasalimu, na yule shangazi anayetuuzia dagaa, na watoto wote wanaoniita mama mdogo. Na mkwe, ukimwona, mwambie sina kinyongo naye. Amekuja mwendo mrefu na visigino vile.

Sasa dada, usihangaike kutafuta karatasi. Mpe dereva neno moja tu kwa mdomo, aniletee hapa gesti, nimemwelekeza. Ukisema "shuka," nitajua mwanangu anapumua. Ukisema "usishuke," nitajua pia, na nitashuka vile vile. Ila nipe hilo neno upesi, kabla ya Jumamosi, nijue ndani ya sare nivae kitenge au nivae kaniki nyeusi.

Mdogo wako,
Mama Neema