Linux Niliyoichagua kwa Ajili ya Maneno ya Baba

Ukunda, 1999

Kwako Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti limepoa na baridi ya huko Bungoma imepungua. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Joto la huku pwani hunifanya nitembee kama niliye usingizini. Mchana mwanga mweupe huingia ofisini ukatulia ukutani, nami nikasahau nilikuwa nikichapa nini.

Unakumbuka yale masimulizi ya Baba niliyoyaandika likizo ile, kabla hajatutoka? Daftari lililiwa na mchwa, yakabaki kwenye kompyuta ya ofisi tu, nilikokuwa nimeyachapa. Nayo ikaingiwa na virusi: kila siku inaganda, mafaili yanapotea moja moja. Bi Mwanamisi, mwenye ofisi hii ya kuchapa, akaniambia, "Mwanangu, tusingoje ife."

Mgeni mmoja wa hoteli ya jirani, mwalimu, alikuwa ametuachia sidii tatu, zile santuri za kompyuta. Zote ni Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotolewa bure na usioshikwa ovyo na virusi, ila kila moja imetayarishwa na watu wake kwa namna yao. Nilinakili maneno ya Baba kwenye disketi, nikaiweka ndani ya Biblia, nikaanza kuzijaribu sidii.

Ya kwanza ilinionyesha giza na maandishi meupe yakipanda, kama mvua inayorudi mbinguni. Ningeweza kuitazama hadi jioni, Mama. Lakini iliniuliza mambo ya diski nisiyoyajua. Nikajibu kwa kubahatisha, ikafuta kila kitu. Sasa Baba alibaki kwenye kile kipande cha plastiki tu.

Ya pili iliingia vizuri, ila haikukitambua kipanya. Nilikisukuma huku na huku, mshale umesimama tu.

"Bi, labda niirudie ile ya kwanza," nikasema. "Mgeni alisema wajuzi wote huipenda."

"Wewe ni mjuzi?"

"La."

"Basi chukua itakayokushika mkono. Ukishazoea, utakwenda utakako."

Ya tatu iliuliza maswali machache, kwa maneno ya kawaida, ikinionya kabla ya kufuta chochote. Kisha skrini ikafunguka samawati, menyu ipo chini palepale nilipozoea kuiona. Bi Mwanamisi akapiga kigelegele, wateja wakageuka.

Nikatia disketi. Ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Nilifumba macho nikamwona Baba akikohoa kidogo kabla ya kuanza hadithi, kama kawaida yake. Nilipofumbua, maneno yake yalikuwapo: utoto wake, ng'ombe wa babu, miaka ya kazi ya reli. Ukurasa mmoja tu ulitoka alama zisizosomeka, ule wa siku aliyokuona wewe mara ya kwanza.

Nimeacha nafasi hapo, Mama. Nakuomba umsimulie dada Nafula akuandikie, hata yale uliyokuwa ukimkatiza Baba asiyaseme. Nitayachapa mahali pake.

Nisalimie dada na mumewe, mjomba fundi cherehani, na kukhu, nyanya yetu, umwambie nimejifunza kupika wali wa nazi. Bi Mwanamisi naye anakusalimu kwa heshima zote. Jana nilimsomea masimulizi yote, tulipofika kwenye ile nafasi akakataa kufunga ofisi bila kujua kilichotokea. "Mwulize mamako," akasema, "babako alipomwita siku ile, alimwitikia au alimpita?"

Ni mimi bintiyo ninayekuota kila mara,
Nekesa