Kasha Jipya la Diski

Jumatatu, 3 Machi
Niwie radhi, daftari. Tangu mtoto aanze kukakamaa mwili sijakugusa. Nikishika kitu ni yeye, au sufuria. Leo naandika maana nisipoandika nitamfokea mtu.

Mwanangu Kishindo (jina kajipatia mwenyewe, kwa kuangusha vitu) kavuta waya, diski ya nje puu! sakafuni. Kasha limepasuka, tundu la waya limeng'oka. Yeye anacheka.

Humo ndimo zilimo video zote nilizomrekodi akikakamaa. Simu ilijaa, nikazihamishia huko, nikazifuta simuni. Daktari anataka kuziona Ijumaa ya wiki ijayo, ndipo aamue kama abadilishe dawa. Kueleza kwa mdomo nilishajaribu. Nilijikuta nageuza macho mbele yake kama mchekeshaji.

Jumanne, 4 Machi
Fundi wa kompyuta kasema diski yenyewe nzima, inazunguka. Nitafute kasha tu. Kumbe ni kama kuchagua viatu! Makubwa yanataka umeme wa ukutani, madogo yanatosheka na wa kompyuta. Diski yangu ndogo. Haya, la plastiki au la bati? Fundi: chukua la plastiki mama, jepesi. Nikamwambia kwangu chepesi hakimalizi wiki.

Nimechukua la bati. Mgongo hauna hali.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, mdogo wake mume wangu, kaja kunifungia. Skrubu nne, sawa. Taa ikawaka — nikashangilia! Kisha kompyuta ikauliza: diski hii haisomeki, iandaliwe upya, vilivyomo vifutwe? Shemeji: "Tubonyeze ndiyo, shemeji, mashine hizi zina maneno mengi tu."

Nikamkamata kidole. Kidole kweli, kikiwa hewani. Nikamwambia akibonyeza asinijue tena. Akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudi kwa fundi. Akakuna kichwa. Anasema diski za aina hii, kile kibao kidogo cha saketi ndani ya kasha la zamani ndicho kinachofunga na kufungua kila kitu. Bila hicho, kasha jipya lolote litaona diski tupu, hata liwe la dhahabu. Nilete kile cha zamani, aunge tundu.

Nimetoka mbio hadi nyumbani. Mama mkwe kashafagia.

"Vile vipande? Nimevitupa mwanangu, mtoto asije akameza." Gari la taka limeshapita.

Nikasema asante mama. Ningesema nini? Kanisaidia. Nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumamosi, 8 Machi
Mume wangu, huko kazini mbali, anayo diski pacha ya hii. Tulizinunua siku moja. Fundi anasema kibao chake huenda kikafungua yangu. Huenda.

Nimempigia. Yake ina kazi zote za ofisi, anasema, nivumilie hadi mwisho wa mwezi. Kwani siwezi kumweleza daktari tu?

Nimweleze!

Asubuhi hii Kishindo kakakamaa tena. Mikono yote miwili nimemshikilia, simu iko jikoni. Nani angerekodi? Sasa kalala, jasho limemlowanisha nywele. Nimezifuta kwa kanga yangu.

Jumapili, 9 Machi
Sibembelezi tena. Nimemwandikia hivi, nanakili hapa nisije nikaambiwa sikusema:

Baba Kishindo, leo hamishia kazi zako kwenye kompyuta ya ofisi, maana baadaye diski yako haitasomeka. Kisha nahitaji unitumie kwa basi la kesho: kasha lako na kibao chake ndani, diski toa ubaki nayo. Waya wake ule ule mfupi. Skrubu zake, zifunge kwenye karatasi. Na ile video ya kwanza kabisa niliyokutumia, ya kwenye kochi, ukaniambia huwezi kuitazama. Kama hukuifuta, nitumie sasa hivi. Si lazima uifungue. Itume tu.