Neno la Mlangoni

Tangra, Kalkata
6 Machi 1991

Ma, ile kadi niliyokutumia juzi ilijaa kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, ambalo ni Fulin. Lakini kwanza hali yako. Goti linasemaje? Baba bado anakohoa alfajiri? Mimi mzima. Kama furaha ni homa, basi nimelazwa.

Ma, mume wangu Fulin huimba akishona viatu. Haimbi vizuri, lakini nyuzi zinanyooka kama zinamsikiliza. Jioni akirudi kutoka dukani huniletea kitu kimoja kidogo mfukoni. Jana kilikuwa utepe mwekundu wa ngozi, akanifungia nywele mwenyewe. Najua Baba hataki neno ngozi, kitu najisi kwa tabaka letu, litajwe chini ya paa la Mbrahmani. Lakini mikono ile inayonuka ngozi inanichana taratibu kuliko yeyote aliyewahi kunichana, wewe ukiwemo.

Mchana tu ndio mrefu. Muuza maziwa ananiita kwa Kihindi, majirani wa msikitini wanagombana kwa Kiurdu, mama wa ghorofa ya chini anamwomba Mungu wake kwa Kiingereza, na humu ndani ni Kihakka, lugha ya Kichina ya wakwe zangu. Kibengali nakisikia redioni mpaka Fulin arudi. Mama yake namwita Ame, kama yeye amwitavyo. Kila tukikutana, hata kwenye ngazi, huniuliza kwa Kihindi cha sokoni: umeshiba? Naona haya. Ulinifunza bibi harusi hali kwa pupa, basi nimepunguza kula.

Jambo moja, Ma. Siku ile nilipoondoka kwetu, mlangoni nilisema “Naja,” kama tusemavyo sote tukitoka, maana asemaye “Naenda” amejikatia njia ya kurudi. Anayebaki hujibu “Njoo.” Wewe hukujibu. Nilisimama mpaka mwenye riksho akaniuliza nimesahau nini. Niandikie neno hilo, hata kwenye kadi.

Mwanao akupendaye,
Tuli

Krishnanagar
30 Machi 1991

Tuli,

Goti ni lile lile. Kikohozi cha baba yako kimeshuka kifuani. Joto limewahi mwaka huu.

Barua yako aliipokea yeye. Hakuifungua, hakuichana. Aliiweka juu ya kabati la vyombo, akachukua mwavuli wake akaenda kufundisha Kisanskriti. Nilipanda kiti kuitoa.

Bibi harusi hula baada ya wengine, lakini hula.

Mama yako

Tangra
16 Aprili 1991

Ma wangu,

Heri ya mwaka mpya wetu. Nakugusa miguu kwa heshima, ingawa kwa mbali, na ya Baba pia, akikubali. Nimwekee tangawizi kwenye bahasha? Hapa sote wazima.

Nimeigeuza barua yako pande zote nikitafuta lile neno. Haidhuru. Nimekuwekea picha tuliyopiga studio. Mpiga picha alimwambia Fulin aache kunitazama mimi, atazame kamera, naye akajibu kamera haina macho mazuri. Mpiga picha akasema basi picha atalipia mke. Mtazame, Ma, kisha uniambie kama ningeweza kukataa.

Nikuchekeshe. Juzi nikienda sokoni nilimwambia Ame, kwa Kihindi, “Naja.” Mazoea. Sokoni sikukaa, bali miguu ilinipeleka stesheni ya Sealdah, nikaitazama treni ya Krishnanagar ikijaza watu wenye vikapu vya kwetu. Kutazama tu. Ikaondoka. Nikangoja nyingine nayo ikaondoka.

Kurudi, namkuta Ame mlangoni na vikombe viwili vya chai vimepoa. Alidhani mtu akisema anakuja, anakuja. Jioni alinishitaki kwa Fulin, na Fulin akanitafsiria huku anafuta machozi ya kicheko: “Mkeo akisema anakuja, haonekani. Siku akisema anaenda, nitandike kitanda?” Fulin akamweleza desturi yetu. Ame alimwaga ile chai akachemsha nyingine.

Nina furaha, Ma. Usiku Fulin anaporudi nina furaha hata naogopa.

Mwanao,
Tuli

Krishnanagar
12 Mei 1991

Tuli,

Wazima, isipokuwa goti. Picha imefika. Kijana ana masikio ya mtu mwema.

Barua zako zimejaa jina lake kama pilau iliyojaa zabibu. Njaa hukuiandika. Bangili zako za ndoa, za kombe la baharini, nilikupimia mwenyewe, zikakaa kwenye kifundo cha mkono. Pichani zimepanda karibu na kiwiko. Huyo mwanamke anakunyima? Muulize mumeo swali lake la kushiba lina maana gani. Na usinijibu kwa mashairi.

Mama yako

Tangra
9 Juni 1991

Ma,

Pokea heshima zangu, na pole ya goti. Hali yangu ni njema, na safari hii nakuambia bila mashairi.

Nilimuuliza Fulin. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akanishika mkono akaisukuma bangili ikapanda. Umeshiba ni salamu, Ma. Ndiyo “hujambo” yao. Unajibu “nimeshiba” hata kama tumbo limeshikana na mgongo, basi, mnapita. Miezi yote hii mwanamke ananiamkia, mimi najinyima.

Alipoambiwa, Ame alikaanga tambi na mayai, zile tambi ambazo Wachina wa hapa humpelekea hata mungu wetu wa kike, Mama Kali, hekaluni kwake, akaketi mbele yangu mpaka bakuli likaonyesha ua lililochorwa chini. Akasema, “Bahati yako sikukusalimu kwa upendo zaidi. Ungekuwa kaburini.”

Tangu siku hiyo, nikishika kikapu, husimama mlangoni na kunitamkia kwa Kibengali alichofundishwa na mwanawe, kimepinda kama msumari: “Njoo.” Mara ya kwanza nilishuka ngazi nusu, nikakaa nikalia. Si kwa ubaya wake, Ma. Lilikuwa neno lako katika kinywa cha mtu mwingine.

Sikukuu ya mkwe inakaribia. Dukani kwa Fulin wamejaa wanaume wa Kibengali wanaonunua viatu vipya, wameitwa ukweni wakalishwe. Akaniuliza sisi tunaitwa lini. Nikamwambia kwetu desturi hiyo imekufa. Akaamini, au alijifanya. Kesho yake nilimkuta anashona kandambili za mwanamke, za kitambaa na mpira, hazina ngozi hata kipande, Baba asichukizwe. Akaniomba mguu apimie, akaniuliza kama mguu wako, Ma, unazidi wangu kidogo. Nikasema sijui. Ma, sikuwa nimejua kwamba sijui.

Mwanao,
Tuli

Krishnanagar
21 Juni 1991

Tuli, mwanangu,

Goti tuliache leo. Msalimie Fulin. Msalimie na Ame, umwambie nimeshiba.

Jumanne, siku ya sikukuu, nilitandika mkeka wa mkwe. Niliweka sahani ya shaba, matunda na upepeo uliolowekwa maji, kama inavyotakiwa. Baba yako aliuliza sahani hiyo ni ya nani. Nikamwambia, ya mkwe wako. Alinawa mikono bila kula, akatoka nje. Niliupepea ule mkeka mtupu mpaka mkono ukachoka.

Neno uliloniomba siwezi kuliandika. Nyumba hii ni ya baba yako, naye hajafungua mlango. Kukwambia njoo, uje ugonge usifunguliwe, huko si kuita. Ndiyo sababu siku ile nilinyamaza. Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza, na tangu hapo chakula hakipiti vizuri.

Nyumba ni yake. Lakini miguu ni yangu. Sijawahi kupanda treni peke yangu. Jirani ananiambia nikae behewa la wanawake, nisinunue chochote dirishani, nisishuke mpaka wote washuke. Fulin asimalize kandambili kwa kukisia. Mguu wangu wa kushoto umezidi wa kulia, apime mwenyewe.

Nikitoka nitamwambia baba yako neno letu pale kizingitini. Akijibu, vyema. Asipojibu, nitakuwa nimejua ulivyojisikia wewe siku ile.

Usije stesheni, nitauliza njia kwa lugha watakayonijibu. Wewe simama mlangoni kwako, unijibu kwa sauti, hata Ame asikie.

Naja, Tuli. Kabla mwezi huu haujaisha, naja.

Mama yako