Mpaka Kwenye Kiti

Alda, eti jirani yetu Hallgrímur anawaambia watu zizini kwamba kondoo kumi na wanne walinitoroka mlimani, na kwamba yeye ndiye aliyewashusha. Kisa? Pikipiki yangu ya magurudumu manne ni cc 300 tu!

"Kile kidude ni cha kukatia nyasi! Mwakani Steinvör abaki apike supu," anawaambia.

Nipike supu! Mimi!

Na Ketill, mfalme wetu wa mlima anayegawa nani akusanye kondoo upande gani, akaitikia kwa kichwa.

Unakumbuka Hallgrímur alivyonisumbua ninunue cc 700 kama yake? Misimu miwili nilikaa nikitazama zile nzito zinavyozama bondeni. Nikachukua ndogo, ili nikikwama niinyanyue mwenyewe.

Leo asubuhi, ile ya kwake imezama topeni mpaka kwenye kiti. Mpaka kwenye kiti, Alda! Mimi nikapita pembeni yake bila kukwama. Wale kondoo walikuwa wa upande WAKE, na nimewashusha mimi, yeye akibaki anachimba tope kwa mikono.

"Dada, usimwambie mtu," akanisihi.

Na sikumwambia mtu. Ila picha nilikuwa nimeshapiga.

Sasa hivi nimeituma kwenye kundi la wakusanyaji wote. Sikuandika hata neno.

Ameniandikia papo hapo: "Steinvör, dada yangu, nakuomba ifute kabla Ketill hajaiona."

Nimesoma, na anaona kwamba nimesoma.

Nakunywa supu.